Mtazamaji wa Shehena

Jumapili, 3 Machi

Mvua za masika zimeanza leo, na zimeanza kwa fujo, saa ileile Shehena inapoanza. Picha ikawa inakatika. Nimepanda juu ya stuli, nimeshika waya wa antena, na sehemu nzima nimeitazama nikiwa nimesimama kama nguzo ya umeme. Mke wangu, Mama Pacha, akapita na beseni la nguo, akauliza, "Lile lori bado halijafika tu?"

Hiyo ndiyo dhihaka yake tangu tamthilia ianze, huu mwaka wa tano. Simlaumu. Shehena ni habari ya mwanamke, Dada Mkubwa, aliyeachiwa na marehemu baba yake lori moja na wadogo watatu. Anaendesha lori, analea wadogo, basi. Hakuna bastola, hakuna tajiri anayekutana na mtoto aliyepotea. Kuna Jumapili moja alibadilisha tairi tangu mwanzo hadi mwisho huku akigombana na mdogo wake juu ya sahani iliyovunjika. Mimi nilitokwa na machozi. Kazini nilipoieleza, walicheka mpaka wakashika mbavu.

Wakati wa matangazo Mama Pacha alisema kitu kingine. Hospitali imemchagua kwenda kusoma ukunga wa ngazi ya juu, mwaka mzima, mji mwingine. Nikamwambia tutaona. Matangazo yalikuwa yamekwisha.

Jumanne, 5 Machi

Sijui nianzie wapi. Nimefundisha watu udereva tangu magoti yaliponikataza safari ndefu za malori, na nimeona mengi, lakini la leo limenizidi.

Asubuhi bosi alinipa mwanafunzi mpya. Mwanamke wa makamo, mtandio kichwani, miwani mikubwa ya jua ilhali mbingu imefunga. Nikamfungulia mlango wa dereva. Akasema, "Habari za asubuhi, mwalimu," na mimi nikabaki nimeshika mlango kama bawabu. Sauti ile ningeitambua hata usingizini. Ni sauti ya Dada Mkubwa.

Akaketi. Akautazama usukani kama mtu aliyewekewa nyoka mapajani. Akauliza, "Ufunguo unaingia wapi?"

Dada Mkubwa, ambaye nimemwona akirudisha nyuma lori la tani nyingi katikati ya soko, mkono mmoja usukanini na mwingine ukimtishia mdogo wake kwa kidole.

Nilimwonyesha ufunguo unapoingia. Gari likazima. Akawasha, likazima. Hatukuvuka geti. Sikusema neno lisilo la gari. Kirefu, mwalimu mwenzangu, alituangalia kutoka kibandani, na tulipomaliza akasema, "Leo umepewa mtihani." Hakumtambua. Nani angemtambua?

Jumatano, 6 Machi

Mvua. Presha imepanda kidogo. Sijamwambia mtu.

Jumapili, 10 Machi

Leo nilitazama mikono. Kila lori linapokwenda, uso wa Dada Mkubwa unaonekana peke yake, na mikono inaonekana peke yake. Na ile mikono, Mungu nisamehe, ina manyoya. Ni mikono ya mwanamume, tena mnene. Miaka yote hii, Jumapili kwa Jumapili, nimekuwa nikimsifu mwanamke kwa kazi ya mwanamume asiyeonekana sura.

Nilitaka kukasirika. Ikaja sehemu anamsuka mdogo wake nywele bila kusema kitu, na nikafuta macho kama kawaida. Sasa nilie au nicheke? Sielewi kichwa wala miguu.

Alhamisi, 14 Machi

Ameweza gia ya pili. Anaogopa mzunguko wa barabara kuliko kaburi. Tukifika hapo anafumba macho, nami nashika usukani.

Ijumaa, 22 Machi

Ulimi hauna mfupa. Leo tulikuwa chini ya kile kilima cha kuelekea stendi, magari nyuma yetu yanapiga honi, yeye kaganda. Nikataka kumtuliza, yakanitoka maneno bila kufikiri: "Mlima huupandi kwa kuutazama."

Haya si maneno yangu. Ni ya Dada Mkubwa. Alimwambia mdogo wake wa mwisho siku ya kwanza ya shule.

Akageuza shingo polepole. "Mwalimu, hayo umeyasikia wapi?"

"Kwenye Shehena."

"Unaitazama?"

"Tangu ya kwanza. Nimekosa moja tu, siku ya msiba wa mama mkwe, na hata hiyo nilipata marudio."

Honi zilikuwa zinalia kama harusi. Yeye akavua miwani, akanitazama kwa mara ya kwanza tangu tujuane, kisha akaanza kucheka, kicheko cha kimyakimya kinachotikisa mabega. "Kumbe ni wewe," akasema. "Pale kambini tunakopigia picha tuna utani kwamba nchi nzima tuna mtazamaji mmoja. Fundi sauti akikohoa kwenye picha, mwongozaji humwambia, wewe, utamwamsha yule mtu wetu. Kumbe ni wewe."

Nilijisikia kama nimepewa nishani na kutukanwa kwa pamoja.

Tuliegesha pembeni, akanieleza. Siku ya usaili waliuliza kama anajua kuendesha. Alikuwa na shida ya kazi, akajibu anajua. Baadaye mwongozaji akasema kampuni haimruhusu mwigizaji kushika lori, hivyo wakamtafuta mtu wa mikono, na uongo ukapata pa kujificha. Sasa Shehena inafutwa. Zimebaki sehemu za masika haya tu. Na kwa kuwa hakuna tena wa kumgombeza, mwongozaji anataka picha ya mwisho moja isiyokatwa: Dada Mkubwa anateremka mlimani na lori, uso na mikono yake mwenyewe.

"Mwambie ukweli," nikamwambia.

"Miaka mitano namwambia habari za malori niliyowahi kuendesha. Nikimwambia leo, atajiuliza na mengine."

Nikasikia mtu anasema atamfundisha lori pia. Mtu huyo alikuwa mimi.

Nilisahau kuuliza lililoniuma zaidi. Inafutwa. Alilisema kama mtu anayesema duka limefungwa.

Jumapili, 24 Machi

Mama Pacha ameuliza kama nimefikiria habari ya masomo. Nimemwambia nyumba haigawanywi kama mkate. Na hilo nalo ni la Dada Mkubwa, nimelitambua baada ya kulisema. Alikuwa anapiga pasi sare zake, na alipiga ileile mara mbili.

Jumanne, 2 Aprili

Jumamosi tulianza lori. Rafiki yangu wa zamani ana yadi ya kokoto na lori bovubovu lenye kitanda nyuma ya viti. Ndani ya yadi hakuna wa kukuuliza leseni. Alipopanda juu pale akasema, "Kumbe dunia ndogo hivi," nikakumbuka siku yangu ya kwanza.

Wakati wa kupumzika nilimweleza jinsi ninavyompenda Dada Mkubwa, namaanisha ninavyomheshimu. Nikamwambia ndiye mtu mwema kuliko wote niliowahi kuwaona kwenye runinga.

Akasema, "Mimi simpendi."

Nikadhani anatania.

"Simpendi, mwalimu. Nimemvaa miaka mitano, namjua mpaka harufu. Hajawahi kumuuliza mdogo wake hata mmoja anataka nini. Tafuta. Anajitoa, anachoka, analia peke yake, lakini hajauliza. Nilimwambia mwongozaji aniandikie swali moja tu, akasema Dada Mkubwa haulizi, Dada Mkubwa anajua."

Nilirudi nyumbani nikijaribu kukumbuka. Lazima aliuliza. Ile ya shule? Hapana, alimpeleka tu. Ile ya uchumba wa mdogo wake wa kati? Alimfukuza mchumba. Alikuwa na haki, yule kijana alikuwa tapeli. Lakini kuuliza, hakuuliza.

Yeye ndiye aliyemwigiza, mimi ndiye niliyemtazama. Nani kati yetu anamjua?

Jumapili, 7 Aprili

Nimetazama. Hakuuliza.

Ijumaa, 12 Aprili

Kirefu ana domo kaya. Alipita nyumbani kurudisha jeki, Mama Pacha akamkaribisha chai, na katikati ya chai akasema, "Shemeji, siku hizi mzee anafundisha mpaka Jumamosi. Yule mwanamke wa miwani hamwachi."

Kisha akaondoka. Mama Pacha akakusanya vikombe. "Mwanamke gani?"

"Mwanafunzi."

"Wanafunzi wako huwataji majina, hata wiki haijaisha umewasahau. Huyu wa Jumamosi ni nani?"

Nikamwambia ukweli wote: ni Dada Mkubwa wa Shehena, hajui kuendesha, amedanganya miaka mitano, namfundisha lori kwa siri kwa ajili ya picha ya mwisho. Hata masikioni mwangu uliingia kama uongo wa mtoto.

"Basi nionyeshe picha yake," akasema.

Nilitafuta kwenye simu. Kuna picha moja, ndogo, yuko nyuma ya tairi. Mama Pacha akaitazama, akaniangalia mimi. "Hili ni tairi."

"Yuko nyuma yake."

"Baba Pacha, ungesema mwigizaji wa tamthilia wanayoitazama watu, ningemuuliza jirani. Hii yako nimuulize nani?" Hakupaza sauti. Angepaza ningejua la kufanya. Kisha akasema, "Kesho nakuja."

Jumamosi, 13 Aprili

Alikuja. Alivaa gauni la kutokea, akakaa kiti cha nyuma cha gari dogo, mkoba mapajani, kama mkaguzi. Tulikuwa tuanze na mzunguko kwa sababu mtihani uko karibu, halafu ndiyo twende yadi.

Dada Mkubwa (jina lake halisi sitaki kulizoea) aliingia, akamwona, akasema, "Shikamoo dada."

"Marahaba. Mimi ni mke wake."

"Nilijua. Anasema una mikono ya dhahabu, kwamba ukimpokea mtoto halii."

Sikumbuki kama niliwahi kusema hivyo. Huenda nilisema. Tulipofika taa za kwanza Mama Pacha akauliza, "Anasema hivyo?"

Kuanzia hapo mimi nilikuwa mzigo. Waliongea kupitia kioo cha kati kama watu waliokulia nyumba moja. Mama Pacha akauliza kazi ya kuigiza ikoje, akajibiwa ni kusubiri kwingi na kulia kidogo. Akasema basi ni sawa na wodi ya wazazi. Wakacheka. Nikawa nasema "kushoto", "punguza", hakuna anayenisikia. Na katikati ya maongezi tukafika kwenye mzunguko, mwanafunzi wangu akaangalia kulia, akaingia, akazunguka, akatoka, macho wazi, huku akiuliza, "Na wewe dada, utaendelea na wodi hiyohiyo?"

"Hapana," mke wangu akasema. "Naenda kusoma. Mwanzoni mwa mwezi wa tano."

Niligeuka. Alikuwa anatazama dirishani, mvua inachora kwenye kioo.

"Hukuniambia umeamua," nikasema.

"Nilikwambia nimechaguliwa. Nikakuuliza mara ya pili. Barua ya kukubali nimepeleka wiki iliyopita."

"Tulikuwa hatujamaliza kuongea."

"Tulikuwa hatujaanza, Baba Pacha."

Dada Mkubwa aliendesha mpaka yadi peke yake bila mimi kumwelekeza, akaegesha sawasawa, akazima, akashuka kwa heshima akatuacha.

Nilitaka kumwambia Mama Pacha kwamba amenivunjia heshima mbele ya mgeni. Nilitaka pia kumwomba asiende. Kilichonitoka ni, "Utakula nini huko?" Akasema kuna bweni na wanapika. Sijui swali lile lilihesabika kama kuuliza.

Alhamisi, 18 Aprili

Mtihani wa udereva. Amefaulu. Askari mtahini alimwambia, "Inaonekana umewahi kuendesha." Akajibu, "Kwa kuigiza." Askari hakucheka.

Jumapili, 5 Mei

Nimempeleka Mama Pacha stendi asubuhi. Masanduku mawili na ndoo yenye kifuniko. Njiani alikuwa ananipa maelekezo ya gesi, ya dawa zangu za presha, ya jirani mwenye ufunguo wa akiba. Basi lilipoanza kusogea nilipunga mkono dirisha lisilo lake.

Saa kumi nikatazama Shehena. Nikajikuta nikitazama mlango wa jikoni wakati wa matangazo.

Jumatatu, 13 Mei

Mvua haina mpango wa kuacha. Nimeunguza wali. Pacha wamepiga simu wote wawili, mmoja baada ya mwingine, kila mmoja kutoka kazini kwake, wakiniuliza kama niko salama. Nadhani wamepangiana zamu.

Kirefu aliniletea ndizi, akasema samahani kuhusu siku ile. Nikamwambia hakuna neno. Kisha akauliza, "Kwani hilo lori linabeba nini?" Nikashangaa kwamba katika miaka yote sikuwahi kuwaza. Shehena yenyewe haijawahi kuonyeshwa. Imefunikwa turubai tangu mwanzo.

Jumamosi, 18 Mei

Leo ndiyo ilikuwa picha ya mwisho. Niandike kabla akili haijaipanga upya.

Jana alinipigia. "Mwalimu, lori letu la Shehena nalo lina kitanda nyuma ya viti, tena chenye pazia. Utajificha humo. Nikikwama, utatoka." Nikamwambia mimi ni mtu mzima mwenye presha. Akasema, "Najua." Saa mbili asubuhi nikawa nimelala ndani ya lori la Shehena, lori lenyewe, magoti yamegusa kidevu, nyuma ya pazia la kahawia ambalo nimelitazama miaka mitano bila kuwaza kwamba nyuma yake pana nafasi ya mtu.

Walipiga picha kwenye barabara ya machimbo, mteremko mrefu, udongo mwekundu umelowa. Kamera moja ilifungwa kwenye kioo cha mbele, ikimtazama yeye. Hakuna mwingine ndani. Mwongozaji alikuwa chini, akiongea naye kwa redio ya upepo. Nilimsikia akisema, "Dada, wewe ni dereva wa siku nyingi, sina wasiwasi." Nikamsikia Dada Mkubwa akimeza mate.

Tukaanza. Sikuona kitu. Niliona pazia. Mimi niliyeitazama tamthilia hii kuliko mtu yeyote aliye hai, picha yake ya mwisho niliisikiliza kama kipofu. Nikasikia klachi ikiachiwa taratibu, vizuri, kama tulivyozoea. Nikasikia matope chini ya matairi. Akaanza kusema maneno yake. Katika hadithi, mdogo wa mwisho ameondoka nyumbani, na Dada Mkubwa anazungumza na kiti kitupu cha pembeni, alipokuwa akikaa marehemu baba yao.

Katikati ya mteremko akataka kurudisha gia ya chini, na gia ikagoma. Nilisikia chuma kikisaga meno. Mara ya pili, ikagoma. Lori likaanza kujipeleka. Nilijua kinachofuata, nimewahi kumpoteza rafiki kwa namna hiyohiyo. Nikaweka mkono kwenye pazia.

Akasema, kwa sauti ya chini isiyo na haraka, "Usitoke. Kaa hapo hapo. Nimelishika."

Mkono ukanigandia. Nikamsikia akikanyaga breki kidogo, akaachia, akakanyaga tena, akaachia. Akavuta pumzi. Gia ikaingia. Injini ikanguruma na kulizuia lori, na tukateremka polepole mpaka chini, naye akaendelea na maneno yake kama hakuna lililotokea. Mwisho akasimama, akavuta breki ya mkono. Mvua ikasikika juu ya bati.

Watu walipiga makofi huko nje. Mwongozaji alikuja mbio akasema lile la "usitoke" halikuwa kwenye maandishi lakini ndilo lililompasua moyo, kwamba ni kweli, Dada Mkubwa hawezi kumruhusu baba yake aondoke hata baada ya kufa. Akajibu kwamba lilimjia tu.

Walipokwenda kunywa chai akafunua pazia. Alikuwa ametota jasho. Nikamuuliza, "Ulikuwa unamwambia nani?"

Akafikiri, kwa dhati kabisa. "Mwalimu, sijui."

Tukakaa hapo kidogo, miguu yangu imekufa ganzi. Kisha akasema, "Nilikuuliza kama unataka kuja, au nilikuambia tu?"

"Uliniambia tu."

"Ona," akasema, akafuta macho kwa mtandio. "Ameniambukiza."

Jumapili, 9 Juni

Imeonyeshwa leo. Kirefu alikuja kutazama, akakaa kwenye kiti cha Mama Pacha akiwa na njugu. Alisumbua mwanzo, huyu nani, yule nani. Kwenye mteremko akanyamaza.

Nilimwona hatimaye. Mikono yake mwenyewe, myembamba, kwenye usukani. Gia ikagoma. Pazia la nyuma likatikisika kidogo, nilikuwa mimi. Akasema, "Usitoke. Kaa hapo hapo. Nimelishika," na macho yake hayakwenda kwenye kiti kitupu, yalikwenda kwenye kioo cha kati, nyuma.

Kirefu akauliza, "Anamwambia nani?" Nikamwambia baba yake. Nilisema haraka mno.

Majina yalipita, picha ikawa nyeusi, likaja tangazo la sabuni. Nilingoja huzuni ije kama ya msiba. Haikuja sawasawa. Kwenye ile picha nilikuwa nikisikiliza klachi. Sijui kama nimemuaga Dada Mkubwa, au nimemwona mwanafunzi wangu akifaulu, na siwezi kusema ni yupi ninayemkosa sasa. Kirefu aliondoka akisema alikuwa hajui ni nzuri hivyo, na angependa kuona za mwanzo. Hazipo. Nimeuliza kituoni, walizifuta ili kanda zitumike tena.

Jumapili, 16 Juni

Leo jua limetoka. Saa kumi nikawasha runinga kwa mazoea, wameweka mieleka. Nikazima. Nikazunguka sebuleni. Nikafagia palipofagiwa.

Kisha nikampigia Mama Pacha. Nampigia kila siku, lakini jioni, na huwa tunaongea gesi na dawa. Akapokea kwa wasiwasi. "Kuna nini? Saa hizi si wakati wa lori lako?"

"Imekwisha."

"Nilisikia. Pole." Nikamsikia akifunga mlango huko bwenini. "Sasa ulikuwa unasemaje?"

Nilisimama na simu kama mtu aliyepiga hodi nyumba asiyoijua. Nikamuuliza, "Wiki yako ilikuwaje?"

Akasema, "Unauliza kweli, au unapitisha muda?"

Nikafikiri. Alistahili jibu la kweli, na jibu la kweli nilikuwa nalo moja. "Sijui, Mama Pacha. Wewe anza tu."

Akacheka kidogo, pumzi tu. Kisha akaanza, na alianza mbali: kwamba Jumatatu walipewa mwalimu mpya, mwanamke mfupi mwenye mikono mikubwa, na kwamba alfajiri ya Jumanne aliingia mama mmoja aliyekuwa hataki mtu amguse. Nikavuta kiti.